Kelele zenye kazi: Mayowe katika viwanja vya vyuo vya Marekani

Mpwa wangu alipata kunikemea mbele ya watu wapatao laki moja, na kosa langu lilikuwa kwamba nilipiga kelele uwanjani.

Jambo lenyewe lilitukia Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, usiku wa Jumamosi moja miaka michache iliyopita. Kijana huyo alikuwa akisoma huko, naye alinikatia tikiti nikatazame timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ambayo wenyewe huiita kwa herufi tatu tu, LSU. Uwanja wao huingiza watu 102,321. Tulikaa juu kabisa, mahali ambapo wachezaji walionekana kama siafu waliovaa kofia. Timu ya wenyeji ilipopata mpira na kuanza kusogea mbele, nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa na mechi za Gor Mahia na AFC Leopards angefanya. Niliinuka, nikatia vidole kinywani, nikapiga mbinja, kisha nikapaza sauti kuwahimiza vijana wakaze mwendo. Watu wa safu ya mbele waligeuka wakanitazama. Mpwa wangu akanivuta shati.

"Mjomba, nyamaza! Sasa ni zamu yetu!"

Zamu yetu, halafu tunyamaze? Niliketi nikiwa nimeduwaa. Dakika chache baadaye mpira ulipokwenda kwa wageni, ndipo uwanja mzima ulipolipuka. Wazee wenye mvi, akina mama waliobeba watoto, wanafunzi waliojipaka rangi usoni, wote walipiga mayowe kwa nguvu zao zote, na kijana yule yule aliyenikemea alikuwa akinguruma hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba wenzetu hawa wana elimu ya kelele ambayo sisi hatuna.

Msomaji asiyeujua mchezo huu ni vizuri aelezwe kidogo. Mpira wao ni wa umbo la yai, na hubebwa mkononi zaidi ya kupigwa teke. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa hunyang'anywa mpira. Baina ya jaribio na jaribio mchezo husimama, na hapo yule kiongozi wa mashambulizi, wanayemwita kwotabeki, huwatangazia wenzake mpango na kuwahesabia lini mpira utachomolewa. Anayetikisika kabla ya wakati huadhibiwa, na timu yake hurudishwa yadi 5. Basi fikiria kwotabeki anatoa hesabu yake, na mwenzake aliye hatua chache tu kando hasikii neno. Mmoja anakwenda, mwingine amebaki. Kipenga kinalia, yadi 5 zimepotea, na aliyezinyakua ni bibi mmoja wa miaka sabini aliyekaa safu ya mwisho kabisa juu.

Kwa hivyo kelele zao haziko kwa ajili ya kuonyesha furaha pekee. Ni kazi, na ina saa zake. Timu yako ikishambulia unanyamaza ili vijana wasikizane. Wageni wakishambulia unapiga kelele ili wasisikizane. Kwetu sisi mpenzi wa kandanda hushangilia anapofurahi na kununa anapofungwa. Huko mshangiliaji mzuri ni yule anayejua kuubana mdomo wake wakati moyo unamwambia apige ukelele. Nakiri kwamba lilinishinda. Kufikia mwisho wa mchezo nilikuwa nimekemewa mara tatu.

Katika mji huo huo wa Baton Rouge ndiko kulikotokea kisa ambacho kila mpenzi wa mchezo huu hukihadithia. Ilikuwa tarehe 8 Oktoba 1988. LSU walikuwa wenyeji wa Auburn, timu iliyokuwa haijafungwa msimu ule na iliyohesabiwa ya nne kwa ubora nchini kote. Watu 79,431 walikuwa uwanjani. Auburn walikuwa wakiongoza kwa 6 kwa 0. Zikiwa zimebaki dakika moja na sekunde 41, LSU wakiwa katika jaribio lao la nne, yaani la mwisho, kwotabeki Tommy Hodson alimrushia mpira Eddie Fuller nyuma kabisa ya eneo la kufungia, naye akaudaka. Pointi sita. Mkwaju wa nyongeza ukapita, ikawa 7 kwa 6, na mchezo ukaishia hapo.

Si mbali na uwanja huo, katika jengo la idara ya elimu ya miamba na ardhi la chuo hicho, palikuwa na chombo cha kupimia mitetemeko ya ardhi. Hakuna aliyekuwa akikitazama usiku ule. Walipokuja kukiangalia baadaye walikuta kalamu yake imechora mstari uliochachamaa, na walipolinganisha saa, ikawa ni ile ile ambayo Fuller aliudaka mpira. Tangu hapo mchezo ule ukaitwa Mchezo wa Tetemeko.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi hivi kwamba kimeota pembe, na yafaa kuzikata. Sauti ya binadamu haitingishi ardhi. Kilichoitingisha ni miguu: maelfu kwa maelfu ya watu waliruka na kutua kwa pamoja juu ya majukwaa ya zege, na uzito huo ukashuka hadi kwenye udongo. Isitoshe, tetemeko lilikuja baada ya bao. Wakati Hodson anahesabu na kurusha, wenyeji wale walikuwa wamejizuia, kama mimi nilivyotakiwa kujizuia. Kwa maoni yangu ndiyo sababu mlipuko ule ulikuwa mkubwa hivyo. Ulikuwa umefungiwa kifuani kwa robo nne za mchezo.

Kelele hasa, zile za koo, hupimwa kwa desibeli, na hapo majigambo hayana mwisho. Kila chuo kina tarakimu yake. Ile inayotajwa sana ni ya Seattle, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Washington, mwaka 1992, timu ya Nebraska ilipozuru mji huo kwa mchezo wa usiku. Watu wa televisheni ya ESPN walipima desibeli 133.6, na wenyeji wakashinda 29 kwa 14. Uwanja huo una mapaa makubwa juu ya majukwaa ya pande zote mbili. Sauti ikipanda hugonga paa na kurudishwa chini uwanjani. Linganisha na uwanja wa Michigan huko Ann Arbor, ambao huingiza watu zaidi ya 107,000 na ambao kwa miaka mingi ulichekwa na wageni kwa ukimya wake. Watu wa Michigan hawakuwa mabubu. Uwanja wao ni kama sinia, umetambaa na kuachama, na sauti ilikuwa ikienda zake mbinguni. Mwaka 2010 walipomaliza kujenga majengo marefu ya vyumba vya matajiri pande mbili, wazee wa uwanja walisema kelele zimeongezeka. Matajiri waliokaa nyuma ya vioo hawakupiga kelele zaidi, la. Kuta zao ndizo zilizofanya kazi.

Hata hivyo tarakimu hizi nazichukua kwa tahadhari. Kipimo kikishikwa karibu na kijana mmoja mwenye koo la simba, kitatoa namba ya kutisha. Kilele cha nusu sekunde si sawa na kelele za saa tatu. Kwa masikio ya mtu zile za saa tatu ndizo mbaya zaidi. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini hupendekeza mtu asikae penye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Piga hesabu mwenyewe: penye desibeli 100, robo saa yatosha. Pale Baton Rouge niliona mtoto mchanga amevishwa vizuia sauti masikioni kama vya mafundi wa viwanda. Mimi sikuwa navyo, na masikio yangu yaliimba hadi Jumatatu.

Wako waliolifanya jambo hili kuwa karibu na ibada. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M wanafunzi husimama kwa miguu yao mchezo mzima. Desturi hiyo huhusishwa na tarehe 2 Januari 1922, timu yao ilipocheza na chuo cha Centre mjini Dallas na wachezaji wengi wakaumia. Kocha Dana X. Bible alimwita kijana E. King Gill, aliyekuwa ameiacha timu ili acheze mpira wa vikapu na ambaye siku hiyo alikuwa juu jukwaani akiwasaidia waandishi kuwatambua wachezaji. Gill akashuka, akavaa jezi ya mchezaji aliyeumia, akasimama kando ya uwanja akingoja. Hakuitwa. A&M walishinda 22 kwa 14 bila yeye. Lakini kule kusimama kwake tayari ndiko kulikozaa jina la Mtu wa Kumi na Mbili, na hadi leo usiku wa manane kabla ya mchezo wa nyumbani maelfu ya wanafunzi hukusanyika kufanya mazoezi ya kupiga ukelele, wakiongozwa na wenzao waliochaguliwa kwa kura. Ndiyo, msomaji, mazoezi ya kupiga kelele.

Sasa jina hilo ni mali iliyosajiliwa. Timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks ilipolitumia kwa mashabiki wake, chuo kilikwenda mahakamani mwaka 2006, na wakaishia kupatana kwa malipo. Sina ugomvi na mwenye mali kulinda mali yake, ila nacheka kidogo kuona umati wa watu umegeuzwa kuwa chapa ya biashara.

Na ikiwa koo halitoshi, je, mtu aweza kuleta chombo? Hapa pana kisa cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi, ambako mashabiki huja na kengele za ng'ombe. Wanasema zamani ng'ombe wa aina ya Jersey aliingia uwanjani wakati wakicheza na mahasimu wao, wakashinda, wakamfanya kuwa bahati yao. Hatimaye kengele ikabaki badala ya ng'ombe. Mwaka 1974 ligi yao ya kusini mashariki, iitwayo SEC, ilipiga marufuku vyombo vya kutengeneza kelele. Kwa miaka 36 kengele ziliingizwa uwanjani kwa magendo, ndani ya makoti na mikoba. Mwaka 2010 ligi ikasalimu amri na kuziruhusu kwa masharti: zilie kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko, mchezo unaposimama na baada ya kufunga, lakini zinyamaze mpira unapochezwa. Chuo kilitozwa faini pale mashabiki walipopitiliza. Tuliosikia mavuvuzela ya Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la mwaka 2010, mwaka ule ule, twajua ugomvi huo. Wengine walisema ni utamaduni, wengine wakasema ni nyuki.

Mimi nasimama upande wa koo. Kanuni za mchezo wa vyuo zenyewe zinaelekea huko: zinasema bendi na wenye kuendesha vipaza sauti wasitoe kelele za kuizuia timu isisikie ishara zake. Mwananchi aliyelipa tikiti na kuja na pafu lake mwenyewe hakutajwa. Ligi ya kulipwa ilijaribu mwaka 1989 kuiadhibu timu mwenyeji kwa kelele za mashabiki, na jambo hilo likafifia, kwa maana refa atamwonyesha nani kadi? Atawatoa watu elfu sabini?

Walioshindwa kuzuia kelele walitafuta njia ya kuzikwepa. Kwa kuwa sauti haisikiki, makocha wa vyuo wakazidi kutegemea ishara za mikono, na mabango makubwa yenye picha za ajabu ajabu, hapa uso wa mwigizaji, pale mnyama, kila picha ikiwa na maana ya siri. Lakini ishara inayoonwa na rafiki huonwa pia na adui. Mwaka 2023 ikazuka kashfa ya timu ya Michigan kudaiwa kutuma watu katika viwanja vya wapinzani ili kurekodi ishara hizo, na kocha wao Jim Harbaugh akafungiwa michezo mitatu ya mwisho ya msimu wa kawaida. Wakatwaa ubingwa wa taifa Januari iliyofuata hata hivyo. Kuanzia msimu wa 2024 vyuo vya daraja la juu vikaruhusiwa kutumia redio: mchezaji mmoja wa kila upande, mwenye alama ya kijani kwenye helmeti, humsikia kocha sikioni hadi saa ya mchezo inapobaki na sekunde 15.

Wapo waliotabiri kwamba hapo nguvu za umati zimekwisha. Sikubaliani nao. Redio humwambia kwotabeki mpango. Haimsaidii kuwaambia wale kumi waliobaki. Katika sekunde zile 15 za mwisho, ambazo ndizo za hatari, bado yuko peke yake na koo lake dhidi ya makoo laki moja. Yule bibi wa safu ya mwisho hajapoteza kazi.

Tishio la kweli naliona kwingine. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, vyuo vya ligi ya Big Ten vilicheza bila kuuza tikiti kwa umma, na viwanja vya vyuo vingine vilijazwa robo tu. Kelele zilizorekodiwa zikatiwa kwenye vipaza sauti. Mchezo uliendelea, televisheni zikalipa. Wenye hesabu zao wakaona kwamba gurudumu laweza kuzunguka watu wakiwa nyumbani. Sasa vyuo vina mzigo mpya: kuanzia Julai 2025, kufuatia mapatano yaliyoidhinishwa mahakamani, kila chuo chaweza kugawia wanamichezo wake fedha, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Hilo ni haki. Kwa miongo mingi vijana wale walivunjika magoti bila mshahara huku wengine wakitajirika. Lakini fedha hizo lazima zitoke mahali, na mahali pa karibu ni kiti. Kiti cha mwanafunzi, apigaye kelele kwa bei nafuu, chaweza kugeuzwa kiti cha mteja, anayeketi, anayekunywa, anayetazama simu.

Tena hata furaha imewekewa bei. Tarehe 15 Oktoba 2022 huko Knoxville, Tennessee waliifunga Alabama 52 kwa 49 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho, baada ya kufungwa nao miaka 15 mfululizo. Watu 101,915 walikuwapo. Walimiminika uwanjani kama mafuriko, wakang'oa milingoti ya goli, wakaibeba barabarani na kuitosa katika mto Tennessee. SEC ikawatoza faini ya dola 100,000, na idara ya michezo ikawaomba mashabiki wachange wanunue milingoti mingine. Tangu 2025 faini ya kuingia uwanjani namna hiyo ni dola 500,000. Sikatai kwamba kuna hatari ya watu kukanyagana, na wageni nao wana haki ya kuondoka salama. Lakini nusu milioni ya dola kwa chuo kikubwa ni gharama ya sherehe tu, na kwa chuo kidogo ni kilio.

Nilimuuliza mpwa wangu, tulipokuwa tukishuka ngazi masikio yakituvuma, kama hawahurumii wale wageni. Ni vijana wa miaka kumi na minane, kumi na tisa, na nilimwona mmoja wao ameshika helmeti yake kwa mikono miwili kama mtu anayeumwa na kichwa. Alifikiri kidogo. "Wiki ijayo, mjomba, wetu watakwenda kwao."

Kisha akanisimulia kuhusu Iowa City. Ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa pana hospitali ya watoto yenye ghorofa nyingi, na ile ya juu inauona uwanja. Tangu mwaka 2017, mwisho wa robo ya kwanza, mchezo husimama, na umati wote, wenyeji na wageni, wachezaji, makocha na waamuzi, hugeuka kuelekea jengo hilo na kupunga mikono. Watoto wagonjwa huko juu, pamoja na wazazi wao, hupunga pia. Sauti haipiti kwenye vile vioo vinene, kwa hivyo hakuna anayejitaabisha kupiga kelele.